Alhamisi za Justus Kitsao wa Gona, Fundi wa Vitanda

Baba mchungaji, wazee wa kanisa, mama Kache na wanawe, majirani wa Junda, nanyi mliovuka kutoka Likoni na mliotembea tangu alfajiri kutoka Changamwe, nawasalimu nyote katika msiba huu. Ninayesimama mbele yenu ni Elija Mwarandu wa Kazungu, seremala wa Timbwani, kule Likoni, mtoto wa baba mkubwa wa marehemu, na kwa kuwa ndimi mkubwa niliyebaki katika ukoo, tena nilifundishwa kuandika, nimeagizwa niyaandike maisha yake na kuyasoma leo Jumanne, tarehe 9 Agosti 1949, kabla hatujamtoa nyumbani kwake. Gona, mwanawe wa kwanza, aliongeza ombi moja, nalo ni kwamba nitakapofika mahali pake niseme, nikiwa fundi, kama ni kweli neno lililosemwa juu ya kamba za baba yake, maana tangu mwezi uliopita yeye mwenyewe anarudishwa milangoni kwa ajili ya neno hilo, na kazi ya vitanda ndiyo inayoilisha nyumba hii. Nitalisema, lakini nitaifuata miaka kwa utaratibu wake.

Justus Kitsao wa Gona wa Mwarandu alizaliwa Rabai, mtoto wa tatu wa baba yake, Gona wa Mwarandu, na mama yake, Nyamvula. Siku yenyewe haikuandikwa na mtu, lakini daftari la ubatizo lina tarehe 14 Aprili 1895, siku ya Pasaka, na mama yake alikuwa akisema kwamba siku ile mtoto alikuwa hajaota jino hata moja, basi mwaka nimeuandika na mwezi nimeuacha. Aliingia skuli ya misheni Januari 1904, akatoka Agosti 1906 akiwa darasa la pili, kwa sababu baba yake alimhitaji shambani. Mwandiko wake haukuwa mzuri, na hesabu alijua kadiri ya kumtosha. Mwaka 1917 alichukuliwa kwenda vitani akiwa mpagazi, akarudi Desemba 1918, amekonda sana, lakini hana jeraha, na jambo lililowashangaza watu wa nyumbani ni kwamba alikumbuka jina la kila mtu aliyebeba mzigo pamoja naye, na mji aliotoka, na jina la mkewe.

Februari 1920 alikuja kwangu Timbwani kujifunza useremala, akakaa miaka minne na miezi minne. Sina budi kusema ukweli juu ya kazi yake, kwa maana neno nililoombwa niliseme limesimama juu yake. Kitanda cha kamba kina miguu minne, tuiitayo matendegu, kina mbao mbili za ubavuni na mbili za kichwani na miguuni, na juu yake huwambwa kamba ya makumbi ya nazi. Kamba hiyo ikiwa mpya hunyooka ikilaliwa, na kitanda huingia bonde katikati, hata mume na mke hukutana hapo bila kukusudia. Mimi nilifundishwa njia ya kuizuia, yaani kuiloweka kamba siku tatu, kuitundika na jiwe mpaka ikauke, ndipo kuiwamba, na kitanda nilichokiwamba mimi hakilegei mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tano. Njia hiyo nilimfundisha Kitsao kama nilivyofundishwa, naye aliniambia, "Kaka, mteja yuko mlangoni amesimama, nami nimwambie angoje kamba ioge?" Hakuwa na subira ya kungoja siku tatu. Aliichukua kamba kwa muuzaji asubuhi, na alasiri kitanda kilikuwa kichwani mwa mchukuzi. Matendegu yake pia hayakuwa sawasawa siku zote. Nimeyaona.

Jumamosi tarehe 22 Oktoba 1921 alifunga ndoa kanisani Kisauni na Kache binti Ngowa, ambaye ndiye mjane wetu leo, nao walijaliwa watoto watatu, Gona, aliyezaliwa tarehe 17 Machi 1923, Nyamvula, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1926, na wa tatu, mvulana, aliyeishi siku kumi na moja, Septemba 1930, naye amezikwa hapa Junda. Juni 1924 marehemu aliniaga, akafungua kibanda chake mwenyewe karibu na nyumba hii, na kwa miaka kumi na mitano baada ya hapo sikuwa na sababu ya kumwonea wivu. Nalitumia neno hilo mapema ili lisiwashangaze mbele.

Vita vya pili vilipoanza, bandari ilitaka watu, na watu walishuka kutoka bara kwa mamia, wakapangwa katika landhi za Changamwe, zile nyumba za safu za wafanyakazi, na kila mmoja alitaka mahali pa kulala. Mwanzo wa mwaka 1940 marehemu aliuza kitanda kimoja huko, na alipokumbuka kwamba kamba ilikuwa mbichi, alikwenda mwenyewe kuikaza, Alhamisi tarehe 7 Machi 1940, saa tatu asubuhi. Alhamisi iliyofuata alikwenda tena, ingawa hakuitwa, na iliyofuata tena. Katika mwaka huo akajiwekea siku tatu, Jumanne hapa Kisauni, Alhamisi Changamwe, Jumamosi kwetu Likoni, na siku hizo hakuzibadilisha mpaka ugonjwa ulipomweka chini. Alivaa kanzu ileile ya kaki iliyokatwa chini ya magoti, amepitisha mzingo wa kamba begani upande wa kushoto ili aonekane tangu mbali, na kila mlango alibisha kwa maneno yaleyale, "Hodi, kitanda kimeamkaje?" Watoto wa landhi walimfuata wakimwigiza, na watu wazima walimwita Bwana Kimeamkaje, naye aliitika, "Naam," kama mtu aliyeitwa kwa jina la ubatizo.

Huingia, hukikanda kitanda kwa kiganja, akikuta kimelegea hukikaza, akikuta hakikulegea huuliza habari za mtoto aliyekuwa na homa wiki iliyopita, hunywa chai akipewa, huondoka. Hakuuza kitu, wala hakutaka malipo ya kukaza. Hakuuliza kitanda kimetengenezwa na nani, alivikaza vya wote. Nilimwambia mara moja, mwaka 1941, alipopita kwangu Jumamosi na vumbi limemfika magotini, kwamba anamaliza miguu yake bure, kwa maana katika nyumba arobaini alizopita siku ile hakuna hata moja iliyonunua. Alikuwa ameketi juu ya kitanda changu mwenyewe, akikipigapiga kwa kiganja kwa mazoea. Alinijibu, "Mtu hanunui kitanda kila siku, kaka. Atanunua siku moja, na siku hiyo mimi siijui, basi naenda zote." Kisha akainuka akasema, "Hiki chako hakina kazi, nimeketi bure," akacheka, akaenda zake.

Katika miaka tisa alikosa Alhamisi mbili, moja ilikuwa tarehe 19 Novemba 1942, siku tuliyomzika mama yake Rabai, na ya pili ilikuwa Aprili 1945, alipopatwa na homa kali. Mimi katika miaka hiyo nilitundika kibao kizuri nje ya kibanda changu, nikakiondoa mvua ilipokiharibu, nikaazimia kuwatembelea wateja wangu kila mwisho wa mwezi, nikawatembelea miezi miwili, wa tatu nilikuwa na kazi, wa nne sikukumbuka. Niliona kwamba kazi nzuri inatosha kujisemea. Sikulegeza kamba, basi sikuwa na sababu ya kurudi kwa mtu, na mtu asiyerudi husahauliwa. Hayo nayajua leo, siku zile sikuyajua.

Niliyaonja kwa mara ya kwanza Mei 1943, kivukoni Likoni, nilipokuwa nikingoja feri na mbao zangu. Mama mmoja wa Changamwe, Mueni, mke wa mfanyakazi wa reli, alinitazama sana kisha akasema, "Mzee, si wewe ndugu yake fundi Kitsao? Mnafanana pua."

Nikamwambia ndiyo, na kwamba mimi ndiye niliyemtengenezea kitanda chake, Novemba 1938.

"Hapana, mzee, umesahau. Changu nilitengenezewa na Kitsao. Huja kukitazama kila Alhamisi."

"Kina mfenesi kichwani na mvule ubavuni?"

"Ndicho."

"Basi ni changu, mama. Tazama ubao wa miguuni upande wa ndani, utaona nimechora E.M.K. na mwaka."

Alicheka kwa heshima, kama mtu anavyomchekea mzee anayeanza kusahau, akasema, "Kitsao naye husema kila mara kwamba hicho hakimhitaji. Ni mtu mpole yule, hapendi kujisifu." Feri ikafika, akanisaidia kubeba ubao mmoja, nami nilikuwa nimekasirika hata sikumshukuru. Kitanda changu kilikuwa na karibu miaka mitano bila kulegea, na mkono uliokipiga kiganja kila Alhamisi ndio uliopata jina. Marehemu hakusema uongo hata mara moja, wala hakudai kazi yangu, na nilipokuwa nikilitafuta kosa lake ili nimchukie kwa haki, sikuliona.

Sasa nimefika mahali Gona aliponiomba. Jumapili tarehe 24 Machi 1946, baada ya ibada, nilisimama nje ya kanisa Likoni pamoja na seremala mmoja, Kioko, aliyekaa Changamwe kwa mwajiri wake, naye aliniuliza, "Mzee Elija, vitanda vyako ndivyo vizuri, kila fundi ajua, mbona watu wamtaka Kitsao?" Nikamjibu, "Ukizilegeza kamba kwa makusudi, nawe utaitwa kila wiki." Neno lililosemwa juu ya kamba za marehemu ni hilo, na aliyelisema ni mimi, Elija Mwarandu wa Kazungu. Sikulisema kwa mzaha, wala sikulisema kwa kudhani kwamba ni kweli. Mimi ndiye niliyemfundisha, nilijua kuliko mtu yeyote kwa nini kamba zake hulegea, na nilijua kwamba hakumficha mteja hata mmoja. Nililisema kwa wivu. Kioko alilichukua Changamwe, huko wengine wakaliongezea la pili, kwamba fundi huyu hulegeza kamba ili apate njia ya kuingia nyumba za watu waume zao wakiwa kazini. Hilo la pili si langu, lakini lisingepata pa kukaa kama la kwanza halingetangulia.

Mjane na Gona niliwaambia jana, kabla sijaandika. Mama Kache alisema, "Basi kaisome kwa sauti, shemeji, maana watu wa Changamwe watakaa nyuma." Natumaini nyuma mnanisikia.

Alhamisi tarehe 13 Juni 1946 marehemu alifika lango la landhi saa tatu, kama kawaida yake, akamkuta karani wa zamu, Bwana Wafula, amesimama katikati. "Mzee, umekatazwa kuingia," karani akasema, "kuna maneno." Marehemu aliuliza ni maneno gani, akaambiwa. Akauliza ni nani aliyeyasema, karani hakujua. Akauliza barabara ni ya nani, karani akasema barabara ni ya serikali. "Basi nitasimama barabarani, bwana karani, nawe utaniona kutoka hapo ulipo, nisiingie." Akaweka kamba chini, akaketi kando ya njia, nje kabisa ya lango. Siku ile hakuna aliyetoka. Alikaa mpaka saa sita, akarudi Junda kwa miguu. Alhamisi ya pili alirudi, ya tatu alirudi, na ya tatu hiyo mama mmoja, Philister, ambaye mumewe alikuwa mpakiaji bandarini, alitoka langoni na kitanda chake kichwani.

Mwaka ule mwezi wa Agosti, tarehe 15, mimi mwenyewe nilikwenda Changamwe. Nilisema nyumbani kwamba nakwenda kununua misumari, lakini nilikwenda kutazama kama amekwisha. Niliyoyaona nayaandika kama yalivyokuwa. Vitanda kumi na vinane vilikuwa vimepangwa kando ya barabara, wanawake wengine wameketi juu yake wakichambua mchicha, wengine wanavitoa langoni wawili wawili, na Philister, aliyekuwa na kitanda kirefu, alimwita karani kwa sauti ya kusikika na wote, "Karani, kuja shika upande ya miguu! Ama kitanda nayo imekatazwa kutoka?"

"Mama, mimi nafanya kazi ya watu."

"Hata mimi. Nalala na mtu ratili mia mbili. Shika!"

Wanawake wakapiga vigelegele, na Bwana Wafula, ambaye hakuwa mtu mbaya, akashika upande wa miguu. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa barabara na sikutaka kuonekana, lakini marehemu aliniona, akasimama, akaita, "Kaka! Shikamoo! Umekuja kunisaidia, njoo ushike hapa, huyu ana bonde la kulaza ng'ombe." Nilivuka. Nilishika ncha ya kamba, yeye akavuta, na tulivikaza pamoja vitanda saba, mimi na yeye, kama mwaka 1921. Katikati ya kazi aliniambia, bila kushusha sauti, "Kuna mtu amesema nalegeza kwa makusudi. Kaka, wewe ndiwe uliyenifundisha, hebu waambie hawa. Hata kulegeza kwa makusudi kwataka ufundi." Wanawake walicheka mpaka wengine wakalala juu ya vitanda. Nami nilicheka. Nilikuwa nimeombwa niseme mbele ya watu hasa waliostahili kusikia, nikacheka badala ya kusema, kisha nikasema feri itaniacha. Niliondoka nikiwa na wivu zaidi ya nilivyokuja, kwa sababu nilikuwa nimemfungia mtu lango lake, naye alikuwa amepata barabara nzima.

Alisimama pale nje Alhamisi thelathini na moja mfululizo, na miongoni mwake ilikuwemo ya tarehe 26 Desemba, siku ya pili ya Krismasi, na mbili za mvua kubwa, ambazo vitanda havikutoka, naye alikuja hivyo hivyo, akasalimia langoni, akarudi. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, bandari ikanyamaza, na Alhamisi tarehe 16 wanaume wote walikuwa majumbani mwao. Walimwona ameketi kando ya barabara, wakatoka kundi zima, na mume wa Philister akamwambia, "Mzee, walisema unakuja sisi tukiwa kazini. Leo tuko, ingia." Aliingia, hakutolewa tena. Lakini si kila mlango uliofunguliwa. Nyumba kama kumi zilibaki zimefungwa kwake, nyingine mpaka leo, na wapangaji wa zamani waliwaachia wapya neno lile pamoja na nyumba.

Novemba 1948 nyumba moja ya wageni karibu na Shelly Beach, kwetu Likoni, ilitaka vitanda thelathini kwa ajili ya watumishi wake. Nilisikia mapema, nikatengeneza kitanda cha mfano, na sidhani kama nimetengeneza kizuri kuliko kile. Kazi alipewa Kitsao. Mpishi mkuu alikuwa akipitiwa na marehemu kila Jumamosi kwa miaka saba, na bwana wake alipouliza fundi, alitaja jina alilokuwa nalo mdomoni. Jumamosi ile ile marehemu alikuja kwangu, hakuketi, akasema, "Kaka, mimi mbao zangu wazijua. Wewe tengeneza vitanda, uwambe kwa kamba yako iliyooga, mimi nitakuwa mtu wa kuvitazama tu. Tuweke majina yote mawili." Nilimjibu kwamba nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi. Alitazama kibanda changu, akaona hakuna ubao uliokatwa, akasema, "Haya, kaka, ukipata nafasi," akaenda. Alivitengeneza mwenyewe, vikalegea, akavikaza kila Jumamosi, nao hawakulalamika hata siku moja.

Ugonjwa ulianza baada ya Pasaka ya mwaka huu, miguu ikavimba na pumzi ikawa fupi. Aliendelea kwenda, akipumzika njiani mara nyingi, na safari yake ya mwisho Changamwe ilikuwa Alhamisi tarehe 23 Juni 1949. Alilazwa hospitali siku tisa mwezi wa Julai, madaktari wakafanya waliloweza, wakatuambia moyo umechoka, akarudishwa nyumbani tarehe 21. Gona alizichukua siku zake tatu tangu wiki ya kwanza ya Julai, na huko Changamwe alisikia mlangoni, "Baba yako alikuwa akilegeza, sasa amekutuma wewe?" Hakumwambia baba yake, aliniambia mimi.

Ijumaa iliyopita, tarehe 5 Agosti, nilivuka kuja kumtazama. Nilimkuta amelala juu ya kitanda alichokitengeneza mwenyewe mwaka 1935, na kamba zilikuwa zimelegea hata mgongo wake ulikaribia sakafu, na kwa bonde lile pumzi ilimwia ngumu zaidi. Gona alikuwa Likoni kwa kazi, mama Kache hana nguvu ya kamba. Nilikuja na neno nililotaka kumwambia, nalo ni hili nililowasomea. Marehemu alinitangulia, akasema, "Kaka, nikazie." Alikuwa ananiomba kazi ya robo saa, kuvuta kamba ile ile ya zamani kama yeye alivyovuta za wengine katika nyumba za watu kwa miaka tisa. Nami nikamwambia kwamba kamba ile imeoza, kwamba nitamletea mpya na kuiwamba kama inavyopasa, ili alalie kitanda cha kweli. Nataka ijulikane kwamba hata saa ile nilitaka aone kazi yangu. Nilinunua kamba, nikailoweka kwangu Timbwani Ijumaa alasiri, na ingekuwa tayari kutolewa majini na kutundikwa jana Jumatatu. Alifariki Jumapili tarehe 7 Agosti, saa nane mchana, katika bonde lile lile. Nilipoletewa habari, kamba ilikuwa bado majini. Lile neno sikumwambia. Sijui kama alikuwa akilijua, kwa maana sikumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuuliza aliyesema nini.

Kwa hiyo jibu langu kwa Gona, nikiwa fundi na nikiwa mwalimu wa baba yake, ni hili: kamba za Justus Kitsao zililegea kwa sababu hakuwa na subira ya kuziloweka, na kila zilipolegea alirudi kuzikaza bila kuitwa na bila kulipwa, na katika kamba hizo hakukuwa na hila. Hila ilikuwa kwangu. Kuhusu nyumba alizoziingia, wanawake wa Changamwe wako hapa, na waliotembea tangu alfajiri hawakumjia mtu mbaya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mwezi wa Julai, majirani wa Junda waliombeba mgonjwa kwenda na kurudi, baba mchungaji aliyekuja kumpa ushirika tarehe 31, mafundi wenzetu, wafanyakazi wa nyumba ile ya wageni, na Bwana Wafula, ambaye ameomba ruhusa kazini ili awepo hapa, na amesema mwenyewe kwamba nimtaje.

Wageni wetu wa Changamwe, ninyi mtafika nyumbani kabla yangu. Tafadhali wapeni habari waliobaki kwamba keshokutwa, Alhamisi tarehe 11, saa tatu asubuhi, Gona atakuja kama kawaida ya baba yake, nami nitakuwa nyuma yake nimebeba kamba. Nimemwomba ruhusa, naye amekubali kwa sharti kwamba mimi sitaongoza. Atakapomaliza kubisha, mimi nitalisema neno hili kwenye kila mlango uliofungwa, mwenyewe, kwa jina langu lote, na mwenye nyumba atakayenifungia simlaumu, nitarudi kwake Alhamisi inayofuata.

Justus Kitsao wa Gona, Mungu wetu akupokee, upumzike katika amani yake.